Nani Atamdhamini Asiyesali?

Katika mahakama zetu za Tanzania shahidi haanzi kueleza lililomleta kabla hajaulizwa dini. Jina, umri, kazi, mahali anapoishi, dini. Jibu hilo la mwisho ndilo linaloamua kama ataapa, au kama atathibitisha kwa kauli yake tu, maana sheria inamtambua pia mtu asiyeapa. Wengi hulijibu swali hilo haraka kuliko la umri.

Arusha, kwa karibu miongo miwili, palikuwa na mahakama nyingine isiyojali jibu hilo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Kesi zake zilisikilizwa katika majengo ya kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC, na kanuni zake zilimtaka kila shahidi aahidi jambo moja tu: kusema ukweli, wote, bila kuuchanganya na kingine. Mungu hakutajwa katika ahadi hiyo. Mbele ya mahakama hiyo alisimama Athanase Seromba, padri wa parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake, na tarehe 16 mwezi huo tingatinga likalibomoa kanisa juu ya vichwa vyao. Desemba 2006 padri huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Machi 2008 majaji wa rufaa wakaona haitoshi, wakampa kifungo cha maisha. Waliridhika kwamba alimwelekeza dereva upande wa kanisa uliokuwa dhaifu.

Kwa hiyo mshtakiwa alikuwa mtu aliyewekewa mikono na askofu, na waliomshuhudia hawakuhitaji kumtaja Mungu ili waaminiwe.

Sitaki kuigeuza Nyange kuwa fimbo ya kuwachapia wanaosali. Hoja ya kwamba wako mapadri wauaji ni nyepesi mno, na kila upande una maiti zake za kuhesabu. Enver Hoxha aliitangaza Albania kuwa nchi isiyo na dini mwaka 1967, akafunga misikiti na makanisa, na Waalbania hawakuamka asubuhi yake wakiwa peponi. Ukianza kupima dini na ukanamungu kwa kuhesabu wauaji, utahesabu mpaka usiku uingie, na mshindi atakuwa yule aliyeanza kuhesabu kwa upande wa mwenzake. Kinachonivuta katika mahakama ile ni jambo dogo zaidi: waliitunga ahadi ya kusema kweli bila kumweka Mungu kuwa mdhamini wake, na kazi ikafanyika.

Maana kwetu dini ni dhamana kabla haijawa kitu kingine. Mwenye nyumba wa Mwananyamala anapomuuliza mpangaji mpya, "Unasali wapi?" hatafuti mjadala wa utatu wala wa tauhidi. Anataka kujua kwamba akikosa kodi ya miezi mitatu, au ukizuka ugomvi wa usiku na mkewe, yuko mchungaji au shehe wa kumwendea. Mshenga anayeulizia habari za kijana naye hufanya vivyo hivyo. Mtu anayejibu kwamba hasali popote hajasema kuwa ni mwizi, ila amesema hana mtu wa kumsimamia, na kwa watu wa mjini kauli hizo mbili zinakaribiana sana.

John Locke alilisema hilo waziwazi katika waraka wake wa kuvumiliana, uliochapishwa mwaka 1689. Alitaka serikali ziwaache watu wasali watakavyo, lakini akawatoa nje ya uvumilivu huo wanaomkana Mungu, kwa sababu ahadi, mapatano na viapo, ambavyo ndivyo kamba za jamii, haviwezi kuwashika. Sababu hiyo si ya peponi hata kidogo. Ni ya mtu wa biashara. Na haijazeeka. Aprili 2016, serikali ya Kenya ilipousimamisha usajili wa chama cha wasioamini, uliotolewa miezi miwili tu kabla, sababu iliyotajwa ilikuwa amani, utulivu na utaratibu mwema.

Locke aliuandika waraka ule akiwa mkimbizi Uholanzi. Katika nchi hiyohiyo, mjini Rotterdam, aliishi mkimbizi mwingine, Mfaransa Pierre Bayle, Mprotestanti aliyekwishasema kinyume chake mwaka 1682. Hoja ya Bayle ilikuwa ya mtu aliyetazama majirani zake kwa muda mrefu. Alisema watu hawaishi kwa kufuata wanayoyaamini. Wanaishi kwa tabia, kwa mazoea, kwa aibu, kwa kupenda kusifiwa, na ndiyo maana kuna Wakristo wengi wabaya wenye imani timamu kabisa. Kama ni hivyo, jamii ya wasioamini nayo ingeweza kuendeshwa na mambo hayohayo, na isingekuwa mbaya kuliko zetu. Baadaye akautaja mfano wake: Spinoza, ambaye sinagogi la Amsterdam lilimtenga mwaka 1656 na ambaye maadui zake walimwita mkanamungu hadi alipokufa mwaka 1677.

Spinoza naye alikuwa mpangaji. Miaka yake ya mwisho aliishi The Hague katika chumba cha kukodi kwa mchoraji mmoja Mlutheri, akipata riziki kwa kusugua lenzi. Mchungaji Colerus, aliyeandika maisha yake, hakuficha kwamba anayachukia mafundisho yake, lakini alikwenda kuwauliza wenye nyumba na akaandika walichomwambia: mtu mpole, asiye na deni la aibu, aliyeshuka ngazi kuongea nao wanapougua. Mama mwenye nyumba alipomuuliza kama ataokoka katika dini yake, Spinoza alimwambia dini yake ni njema, aendelee nayo, aishi kwa amani na ucha Mungu. Sijui kama kuna cheti cha tabia njema kinachozidi kile ambacho mwenye nyumba anampa mpangaji aliyekwisha kufa, asiyeweza tena kumlipa chochote.

Wala hili si zogo la Wazungu tulilookota njiani. Basra na Baghdad ziligombana juu yake karne nyingi kabla ya Locke. Mu'tazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu, walishikilia kwamba akili ya mtu inajua ubaya wa dhuluma na uongo hata kabla mtume hajamfikia. Mungu amekataza uongo kwa sababu ni mbaya. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, alikuwa mwenzao kisha akawahama, akafundisha kwamba jema ni lile aliloliamuru Mungu na baya ni lile alilolikataza, na akili pekee haina pa kulisomea hilo. Al-Maturidi wa Samarkand akasimama katikati. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, na aqida waliyoirithi darasani ni ya al-Ash'ari. Lakini msikilize bibi wa Tanga akimkaripia mjukuu aliyemtupia jiwe kichaa: "Hata kafiri hafanyi hivyo!" Pale uani, bila kitabu, ameingia kambi ya Mu'tazila. Anachukulia kwamba kafiri analijua hilo, na kwamba mjukuu anastahili aibu zaidi kwa kuwa ameshindwa hata na asiyefundishwa. Wakristo nao wana bibi yao, na jina lake ni Paulo: sura ya pili ya Waraka kwa Warumi inazungumza juu ya mataifa yasiyo na sheria ambayo matendo ya sheria yameandikwa mioyoni mwao. Kwa hiyo anayesema kuwa bila dini mtu hawezi kujua jema ana kazi ya kujibizana kwanza na watu wa dini.

Upande wa kujua, basi, haunisumbui. Kinachosumbua ni kutenda, na hasa kutenda pale ambapo kutenda kunaweza kukuua. Ndipo ninaporudi Rwanda. Sababu si Seromba. Ni wanawake wawili.

Zura Karuhimbi aliishi Musamo, wilaya ya Ruhango, katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa mganga wa mitishamba kutoka ukoo wa waganga, na kijiji kilimdhania mchawi. Mwaka 1994 aliwaficha watu wanaotajwa kuwa zaidi ya mia, Watutsi na wageni, wengine uvunguni, wengine darini, wengine kwenye shimo shambani. Silaha hakuwa nayo. Alijipaka majani yanayowasha, akaipaka na nyumba. Wauaji walipokuja aliwagusa, akatikisa bangili na kila kilichoweza kulia, akawaambia wakiingia watajichimbia makaburi, mizimu ya Nyabingi itawashukia. Wakawashwa, wakaogopa, wakaondoka. Miaka mingi baadaye, alipohojiwa, alieleza kwamba hakuwa mchawi na wala hakuiamini nguvu hiyo: alimwamini Mungu mmoja, na uchawi ulikuwa kisingizio cha kuokolea watu. Mwaka 2006 Rwanda ilimvisha nishani. Alifariki Desemba 2018.

Nimelizungusha tukio hili kichwani mara nyingi na kila upande lina ncha. Rwanda ya wakati ule karibu watu tisa kati ya kumi walijitambulisha kuwa Wakristo, kwa hiyo tunaweza kudhani kwamba wengi wa waliosimama mlangoni pa Zura walikuwa wamebatizwa. Hawakuogopa kuua ndani ya kanisa, mbele ya altare. Waliogopa bangili za bibi. Anayetaka kusema kwamba bila kuogopa nguvu zisizoonekana binadamu ni mnyama anaweza kuuchukua mkasa huu kuwa ushahidi wake, kwa sababu kweli woga uliwazuia. Lakini aangalie uliwazuia wapi. Uliwazuia mlangoni kwa Zura, basi. Walipogeuka walikwenda nyumba nyingine. Kilichowaondoa pale kilikuwa tahadhari, sawa na ya mtu anayepita mbali na mbwa mkali. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwema zaidi alipofika barabarani.

Na Zura mwenyewe? Yeye ndiye pekee katika mkasa ule ambaye hakuiogopa ile mizimu, na ndiye aliyetenda. Alimwamini Mungu, kwa hiyo siwezi kumhesabia upande wa wasioamini, na sitaki. Ila woga uliokuwa ukifanya kazi pale ulikuwa wa wauaji, na wema ulikuwa wa mtu aliyejua kwamba hakuna kitu nyuma ya bangili zake.

Mwanamke wa pili ni Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu, Mkatoliki aliyeyatoa maisha yake kwa utume wa walei. Aliwaficha Watutsi katika kituo alichokisimamia. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumnusuru aondoke. Alikataa, akachagua kufa na wale aliowahifadhi, akauawa nao Aprili 21, 1994. Leo yumo katika orodha ya mashujaa wa taifa la Rwanda, daraja la Imena. Mtu akinieleza kwamba angefanya vilevile bila imani yake, nitamwambia anazungumza juu ya mtu mwingine. Imani haikuwa nguo aliyoivaa juu ya wema wake. Niyitegeka na Seromba walisali sala ileile, wakasoma Injili ileile, katika nchi ileile, mwezi uleule. Nikiambiwa kwamba mtu fulani anasali, sijaambiwa bado ni yupi kati ya hao wawili.

Hapo ndipo dhamana ya mwenye nyumba inapovuja. Si kwamba haina thamani, maana mchungaji anayemjua mpangaji kwa jina atasaidia kweli kodi ikichelewa. Ni dhamana ya mambo ya kawaida: kodi, ndoa, mkopo wa kikundi. Kwa yale mambo ambayo mtu anaulizwa mara moja tu maishani, haimdhamini mtu.

Na asiyeamini, akitoka kwetu, anafananaje? Fasihi yetu imemtazama kidogo na kwa macho ya mashaka. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi kabla ya kuwa mwandishi, alimwumba Kazimoto katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu ambaye maswali yake yanamla mpaka anajiua. Ni riwaya kubwa, na sidai iandikwe upya. Ila bado natafuta riwaya ya Kiswahili ambamo asiyeamini anazeeka, anapata wajukuu, anadaiwa dukani na kulipa.

Nilimpata mtu wa namna hiyo katika kitabu cha falsafa. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza katika miaka ya 1970 kuwahoji wazee wa vijijini nchini Kenya, akitaka kuonyesha kwamba kufikiri kwa kina hakukungoja maandishi, na mahojiano hayo yakatoka kitabuni mwaka 1990. Mmoja wa wazee hao ni Njeru wa Kinyenje wa Embu. Hakumwomba Mungu, na hakwenda kwa waganga. Aliona vyote viwili havina ukweli, na dini iliyoletwa na wazungu kwake ilikuwa uchawi wao, uliowashinda wenyeji kwa kuwa umepangwa vizuri zaidi. Mzee huyu hakuwa amesoma Ulaya. Hakuwa kijana wa chuo aliyepotezwa na vitabu. Oruka alimweka katika kundi la wenye hekima, ambao watu wa mahali pao waliwaheshimu kwa kufikiri kwao. Tunapenda kurudia kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kuliko binadamu wote, John Mbiti alitujaza fahari hiyo mwaka 1969, lakini Embu palikuwa na mzee ambaye sentensi hiyo haikumwingia. Na Kwasi Wiredu wa Ghana alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba Waakan, ambao wanamtambua Mungu, hawakujengea maadili yao juu ya amri yake. Waliuliza jambo fulani linamfaa au linamdhuru binadamu, wakaamua kwa hilo.

Mtaani kwangu yuko mwalimu mstaafu asiyekwenda msikitini wala kanisani. Hahubiri ukanamungu wake. Ukimuuliza anakujibu kwa ufupi, kisha anakuuliza habari za watoto. Mtaa una chama cha kufa na kuzikana, chenye turubai, viti, masufuria na daftari, na kwa miaka kadhaa chama hicho nusura kivunjike kwa sababu ya fedha. Mhazini akiwa Muislamu, Wakristo wananong'ona. Akiwa Mkristo, kinyume chake. Mwisho akasimama mama mmoja akapendekeza Mwalimu, kwa sababu hana upande. Watu walicheka, halafu wakanyoosha mikono. Kile ambacho kwa Locke kingemtoa nje ya jamii ndicho kilichomkabidhi sanduku la jamii.

Nilimuuliza siku moja, si kwa kumtega, kitu gani kinamzuia. Alifungua daftari akaniwekea kidole juu ya mstari. "Hii elfu mbili ni ya mama wa vitumbua. Naijua aliitoa wapi." Hakusema zaidi ya hapo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba.

Jibu lake ni zuri na lina kasoro, na nadhani yeye mwenyewe anaijua. Linashika pale unapomfahamu mwenye elfu mbili. Fedha ya umma haina mama wa vitumbua ndani yake, au ina mamilioni yao wasio na sura, na labda ndiyo maana inaibwa na watu ambao hawangethubutu kugusa sanduku la mtaa. Hapa dini ina kitu ambacho daftari la Mwalimu halina: imemweka mpita njia katika orodha ya wenye haki kwa jina. Ibn sabili, msafiri aliyekwama, ana fungu lake la zaka, na Msamaria wa Injili anasimama kwa mtu asiyemjua. Kumfanya mgeni awe na sura ni kazi ngumu, na waliosali wameifanya kwa karne nyingi kwa kulirudia neno hilo kila Ijumaa na kila Jumapili, masikio yakitaka yasitake. Asiyeamini lazima ajirudie mwenyewe, bila mtu wa kumpigia kengele. Siamini kwamba haiwezekani. Naamini ni upweke, na upweke huchosha watu wema pia.

Suala moja mtaa haujalimaliza. Msiba ukitokea kwa Waislamu, Mwalimu hubeba jeneza zamu yake, na wakati wa sala husimama pembeni na viatu vyake. Kwa Wakristo hukaa benchi la nyuma. Mwaka uliopita aliugua sana, na kamati ikakutana kimyakimya. Nani angemwosha? Shehe alisema hawezi kumsalia mtu ambaye hakutaka kusaliwa. Katekista alisema hivyohivyo kwa maneno ya upole zaidi. Mwenyekiti akasema akazikwe kijijini kwao, huko watajua wenyewe, na mama wa vitumbua akamjibu kwamba Mwalimu kijijini hana mtu, ana sisi. Mwalimu alipopona habari zilimfikia, kama habari zote za mtaa. Kwenye mkutano uliofuata, baada ya kusoma mapato na matumizi, mama yule akamuuliza mbele za watu:

"Mwalimu, sasa wewe tutakuzika vipi?"

Alilifunga daftari. "Mama, mchango wangu nimelipa mpaka Desemba. Hayo mengine yamo kwenye majukumu ya kamati."

Kamati imekutana mara mbili tangu siku hiyo. Wamekubaliana kuhusu turubai na chakula.